Mnaoandika, Mnajiitaje?

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Mwanga, hapa Kigoma mjini, mbele ya vijana wanaoandika na wazee waliokuja kuwasikiliza. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Wadogo zangu mliojazana huko nyuma karibu na feni, mambo vipi.

Nimeombwa niseme neno juu ya majina ya blogu. Nilipouliza kwa nini mimi, nikajibiwa kwamba mimi ndiye ninayewafungulia watu. Ni kweli. Steshenari yangu haiko mbali na hapa. Watu wanakuja kutoa kopi, kuchapa barua za kuomba kazi, kupiga pasipoti saizi, na wengine kufungua mahali pao pa kuandikia mtandaoni. Kufungua kwenyewe hakuchukui muda. Kinachochukua muda ni kile kisanduku cha kwanza panapotakiwa jina. Hapo mtu aliyeingia na haraka zake zote anavuta kiti, anakaa, anaangalia dari. Kuna wanaoaga kabisa, wanasema wakalale nalo kwanza.

Nimewatazama sana watu wakiangalia dari, na nimefika mahali nina msimamo. Nitausema mapema ili mnaotaka kuwahi mpira mwondoke mkiwa nao: jina la blogu lisiseme utaandika nini. Liseme anayeandika ni nani, au amesimama wapi anapoandika. Basi. Yaliyobaki ni visa, na visa vyenyewe vitamu, mnivumilie.

Tuanze na jina ambalo hakuna mtu humu ndani asiyelijua. Meli yetu ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda reli ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914, ikaunganishwa hapa hapa na kushushwa majini mwaka 1915. Ilipewa jina Graf von Götzen. Huyo Götzen alikuwa gavana wa koloni la Wajerumani kuanzia 1901 hadi 1906, na ni katika utawala wake Vita vya Maji Maji vilizuka na kuanza kukandamizwa. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walipoona mji unawaponyoka, waliizamisha wenyewe, baada ya kuipaka mitambo yake grisi ili siku wakirudi waikute nzima. Hawakurudi. Waingereza ndio walioiibua mwaka 1924, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena ikiitwa Liemba, jina ambalo wenyeji wa upande wa kusini walikuwa wakiliitia ziwa lenyewe.

Hesabuni wenyewe. Jina la gavana lilielea mwaka mmoja na ushee. Jina la ziwa linakaribia miaka mia. Kwa hiyo kijana akija dukani akataka blogu yake iitwe kwa jina la mwanasiasa anayemshabikia, au msanii anayetamba msimu huu, mimi sibishani naye. Namsimulia habari za Götzen huku mashine ikiwaka.

Ziwa hili hili, vita hiyo hiyo, kuna kisa kingine cha majina ambacho watu wengi wa hapa hawajakisikia. Waingereza walileta boti mbili ndogo za kivita, wakazivusha nchi kavu kupitia Kongo, kwa treni, kwa ng'ombe, kwa migongo ya watu, hadi ng'ambo yetu pale. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wake London wakakataa, wakaona ni utoto. Akarudi na majina mengine, Mimi na Toutou, wakayakubali. Hawakujua kwamba kwa watoto wa Kifaransa hayo ni paka na mbwa vilevile. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo zikaiteka boti ya Wajerumani iliyoitwa Kingani, na nayo ikabatizwa Fifi.

Mnacheka. Nami nilicheka, ila nadhani tunachekea kitu kingine kabisa, si alichokusudia kamanda. Boti ya vita inaitwa Mimi! Mtu yuko Ujiji ufukweni, anauliza ni boti gani ile inakuja, anajibiwa: Mimi.

Lakini tusimcheke sana, maana nusu ya blogu ninazofungua ni Mimi mtupu. Kalamu Yangu. Mawazo Yangu. Safari Yangu. Maisha Yangu. Mtoto wa watu ameangalia dari nusu saa, kumbe alikuwa anatafuta “yangu” ya kuweka mwishoni. Na mashine inamjibu kwamba jina limeshachukuliwa, kwa sababu hata mwenzake wa Mbeya na wa Mombasa waliangalia dari hiyo hiyo. Hapo ndipo yanapoanza yale mapambo: anaongeza 255, jina bado limechukuliwa, anaongeza tz, anaongeza “online”, mwisho anaongeza TV. TV! Hana kamera, hana hata tochi, anaandika mashairi ya mapenzi, lakini anaitwa TV.

“Yangu” haina ubaya ikiwa tunajua ni ya nani. Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha mnayemjua wote, alipoanza blogu mwaka 2005 akiwa Helsinki, aliipa jina lake mwenyewe, na ikatosha. Jina la mtu halichagui habari. Harusi, msiba, ziara ya rais, mpira, picha ya foleni, vyote viliingia chini ya Michuzi bila kugombana, na msomaji hakuwahi kuuliza kwa nini leo kuna harusi. Ndesanjo Macha, mmoja wa waliotangulia kublogu kwa Kiswahili, yeye aliiita yake Jikomboe. Hilo ni jina la aina nyingine, ni amri. Jina la amri lina gharama yake, maana msomaji akilisoma leo na kesho anakugeuzia: na wewe je? Ukiwa mtu wa msimamo linakubeba. Ukiwa mtu wa leo hivi kesho vile, liache.

Wazee wangu hapa mbele mtakuwa mnakumbuka kurasa za mashairi kwenye magazeti. Mshairi akimaliza beti zake anaweka jina, anaweka lakabu, anaweka sanduku la posta na mji. Amiri Sudi Andanenga alikuwa Sauti ya Kiza. Wiki hii kaandika juu ya mahari, wiki ijayo anajibu fumbo la mtu, wiki nyingine siasa, na lakabu ni ile ile. Tukiona lakabu tulijua tunakaa na nani, hata kabla ya kujua anatuambia nini. Vijana mnaodhani kujichagulia jina la kuandikia kumekuja na simu janja, waulizeni hawa.

Sasa nikisimulie kisa cha dada mmoja wa Katonga. Ameniruhusu nikiseme, ila kwa masharti kwamba jina lake lisitajwe.

Huyu dada ni mfanyabiashara wa dagaa. Anawachukua mwaloni alfajiri, anawaanika, anawatia kwenye viroba, wanasafiri. Alipokuja kufungua blogu hakuangalia dari hata kidogo. “Kaka, andika Dagaa wa Kigoma. Mimi nauza dagaa, niite nini kingine?” Nikaandika. Na mwanzoni ilikuwa burudani. Aliwafundisha watu wa mbali namna ya kumtofautisha dagaa aliyeanikwa kwenye kichanja na aliyeanikwa mchangani: usihangaike kumwangalia rangi, mtafune mmoja mkavu pale pale sokoni mbele ya muuzaji, meno yako yatakwambia. Aliandika kwa nini wa mchangani ni wa bei nafuu, na kwamba unafuu huo unaisha ukifika jikoni, unapowaosha mara ya tatu na bado chini ya sufuria unasikia kwaruza. Aliandika jinsi ya kuwakaanga kwa mawese bila kuwavunja. Kuna mtu alimwandikia kutoka Songea akimshukuru kwa habari ya mawese peke yake.

Kilichomharibia ni mwezi. Mliokulia kwenye familia za wavuvi mnajua. Dagaa wetu wanavuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikolea taa haiwavuti tena, wamesambaa ziwa zima. Wavuvi wanapumzika, nyavu zinashonwa, mwaloni panapoa. Siku hizo dada hana dagaa wa kununua na hana dagaa wa kuandika. Akaanza kuandika mengine. Aliandika juu ya mkopo wa kikundi na yule mwanachama ambaye siku ya marejesho anaumwa kila wiki. Aliandika juu ya baba anayekuwepo nyumbani usiku siku za mbalamwezi tu, na mtoto wake mdogo anayemwamkia kama mgeni. Ile ya baba ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp mpaka ikanirudia mimi niliyeifungua blogu, nikaambiwa “soma hii, kuna mtu anajua kuandika.”

Lakini chini ya kila andiko alikuwepo mtu wa kumuuliza: dada, dagaa wako wapi? Halafu mwaka 2024 ziwa likafungwa, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kwetu na kwa jirani zetu wa Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Miezi mitatu mizima Dagaa wa Kigoma haikuwa na dagaa.

Akarudi dukani. Safari hii alikaa. Akaniambia, “Kaka, hili jina linanifukuza kwangu.” Nikampa karatasi ya nyuma ya kopi iliyoharibika, akawa anaandika na kufuta. Alijaribu la mwalo, akafuta. Alijaribu la mama yake, akasema mama mwenyewe hataki. Mwisho akaandika neno moja akalizungushia duara: Mbalamwezi. Nikamuuliza ndiyo nini. Akasema ndizo siku anazoandika. Siku za kazi hana muda.

Bei ya dagaa bado anaitaja humo humo, na hakuna anayelalamika ikikosekana.

Nikiwa ziwani bado, niguse Gombe kidogo. Jane Goodall, yule mtafiti Mwingereza wa sokwe, alifika pale Julai 1960 na kuanza kuwapa sokwe majina: David Greybeard, Goliath, Flo. Watoto wa Flo wote wakapewa majina ya herufi F, Faben, Figan, Flint, na dada yao Fifi (ndiyo, ziwa moja, Fifi wawili, na mmoja alikuwa boti). Baadaye wasomi walimwambia amekosea, alipaswa kuwapa namba. Yeye akashikilia majina, na ni kwa majina hayo ulimwengu uliwajua sokwe wa Kigoma mmoja mmoja, nani mpole, nani mkorofi, nani mama mzuri. Intaneti nayo chini kabisa inakwenda kwa namba. Kila tovuti inafikiwa kwa namba, na mfumo wa kuzivika majina ulibuniwa mwaka 1983 kwa sababu binadamu hashiki namba kichwani. Ndiyo maana nakwazika mtu anapolikubali lile pendekezo la mashine, jina lake na tarakimu sita mbele. Umepewa nafasi ya kuwa Flo, unajirudisha mwenyewe kwenye namba.

Jina linapoingia kwenye anwani lina adabu zake. Herufi, tarakimu na kistari, mwisho. Nafasi hakuna, maneno yanabanana. Mwalimu mmoja wa sekondari, mtu makini, alifungua blogu ya kuwasaidia wanafunzi wa kemia. Mambo ya Kemia. Jina safi kabisa likiwa juu ya ukurasa. Kwenye anwani likawa mamboyakemia, na siku ya kwanza tu darasani mwanafunzi akanyoosha mkono: “Mwalimu, Mia ni nani?” Darasa zima lilikuwa limesoma Mambo Yake Mia. Mwalimu mpaka leo anaitwa shemeji Mia. Kabla hujabonyeza, andika jina lako limebanana, mpe mtu ambaye hajui unataka kusema nini, alisome kwa sauti.

Ritifaa nayo haikubaliki. Hii inatuumiza sisi wa huku na ndugu zetu wa Tabora, maana Wanyamwezi na Wasukuma bila ng' yenye ritifaa hawana jina la kumpa mtoto. Lakini nitawaambia juu ya kijana mmoja wa Nyarugusu. Wazazi wake walitoka Kongo, yeye amekulia kambini, na kambi ile ipo tangu 1996. Alitaka Ng'ambo ya Ziwa. Nikamweleza kwamba kwenye anwani ritifaa itaondoka. Akasema iondoke, watu watalitamka wenyewe. Nikamuuliza swali ambalo kwa kweli lilikuwa la udadisi tu: ng'ambo ipi? Akasema, “Nikiwaandikia watu wa hapa, ng'ambo ni kwetu. Wakisoma wa kule, ng'ambo ni mimi.” Sijapata kusikia mtu akieleza jina lake vizuri hivyo, na hakuwa ameliandalia hotuba.

Hilo ndilo ninaloliita kusimama mahali. Na linanirudisha kwenye jina linalogombewa kuliko yote katika duka langu, jina la utani la mji wetu, Mwisho wa Reli. Kila msimu anakuja mtu na Mwisho wa Reli. Naipenda fahari yenyewe, sisemi. Lakini jina hilo amelitoa nani? Ni mtu aliyepanda treni Dar es Salaam, akalala, akaamka Tabora, akaendelea, akafika hapa akaona maji mbele, akasema reli imekwisha. Yeye kwake ni sawa. Wewe uliyezaliwa Gungu, treni ya kwanza kuiona maishani ilikuwa inaondoka. Nilimwambia hivyo kijana mmoja, akanyamaza, akaenda zake nikadhani nimemuudhi. Akarudi na Reli Inaanzia Hapa. Sikumchaji.

Mambo machache kwa haraka, maana muda unakimbia. Kuna mnaotaka kujificha: wauguzi, askari, walimu, wake za watu. Haki yenu. Ila usijifiche kwa jina la utani ambalo ofisi nzima inalijua, na usianze na siri kisha ukaweka picha ya mlango wa nyumba yako. Kuna mnaotaka jina la Kiingereza. Sikatazi, ila mwandishi wa Kiswahili aliye na jina la Kiingereza juu ya mlango anapata wageni wanaoingia na kutoka.

Na kuna sheria. Mwaka 2018 zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, leseni na ada zake kwa mwaka wa kwanza zilifika kama shilingi milioni mbili na laki moja, na blogu nyingi nzuri zilifungwa, majina yakabaki hewani. Kanuni zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo na ada zimeshuka. Anayetaka kuandika habari kwa ajili ya umma aende TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, aulize hali ilivyo sasa, asitegemee maneno ya kijiweni, wala ya kwangu.

La mwisho ni kwa wale ambao tayari mna jina na mmeanza kujikuna mkinisikiliza. Jina linabadilishwa, hata meli ilibadilishwa. Ila usilifute la zamani siku hiyo hiyo. Liache pale na tangazo fupi linalosema umehamia wapi, kwa muda mrefu, kwa sababu watu wameshatumiana anwani ile kwenye makundi na hawatarudi nyuma kusahihisha. Ukiliachia kabisa, litaokotwa. Nimeona blogu ya mafundisho ya Jumapili ambayo leo ukiifungua unauziwa dawa za nguvu za kiume, na waumini wanaendelea kutumiana.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kuna karatasi zinapita, kila mmoja aandike jina alilonalo au analolifikiria, na chini yake aandike moja alilolikataa na kwa nini. Lile lililokataliwa ndilo ninalotaka kulisikia zaidi. Haya, mama pale dirishani umeshamaliza, tusomee.